Dawa Iko Inaua Nani? Somo la Kusoma Pamoja Kabla ya Msimu A



Wakati huu komite zetu, kuanzia Luvungi na Sange mpaka Kiliba na Uvira, ziko zinatayarisha orodha ya vitu vya kununua kwa msimu A: mbegu, mbolea, majembe, dawa ya wadudu. Katika orodha moja niliyoonyeshwa, makuta ya dawa yalikuwa yanapita makuta ya mbegu. Kabla hamjapiga kura juu ya orodha yenu, ninaomba tusome somo hili pamoja.

Somo lenyewe si mimi niliyelianzisha. Ni mama mmoja wa bondeni ndiye aliyenifundisha. Nilipokuwa bado mpya katika kazi, viwavi-jeshi viliingia katika mahindi yetu. Kiwavi hiki kilitoka Amerika, kikaonekana mara ya kwanza Afrika mwaka 2016, na haikuchukua muda kikatufikia. Watu waliogopa, na mimi niliogopa pamoja nao. Nikawaambia: "Pulizieni kila siku saba, kiwavi kiwepo au kisiwepo." Walinisikia. Misimu miwili baadaye yule mama alisimama katika mkutano, akasema:

"Agronomu, zamani tulikuwa tunapulizia mara moja, wadudu wanakufa. Sasa tuko tunapulizia mara tano, na wadudu bado wako. Udongo umekuwa mgumu, maharagwe yanakuwa ya manjano. Sasa ile dawa iko inaua nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu nililolipata baadaye ni hili: dawa yetu ilikuwa inaua wafanyakazi wetu wenyewe. Tuko na wafanyakazi wa aina mbili wasiodai mshahara. Wa kwanza wanapika chakula cha mimea ndani ya udongo. Wa pili wanawinda wadudu juu ya majani. Tukiwaua, kazi yao tunabaki kuinunua dukani. Halafu dawa ikimaliza kazi shambani haibaki pale, inafuata maji mpaka ziwani, na kutoka ziwani inaweza kurudi katika sahani.

Tutazame njia hizo tatu moja baada ya nyingine.

1. JIKO LA UDONGO

Mmea hauli jani lililooza moja kwa moja. Jani likianguka, wanaanza wadudu wakubwa: mchwa, jongoo, nyungunyungu. Wanalikata na kulimeza. Kisha ukungu na mikrobi wanalimaliza, wanalifanya kuwa chumvi ndogo zinazoyeyuka katika maji. Hapo ndipo mizizi inaweza kunywa. Mmea unakua, tunavuna, mabaki yanarudi chini, na kazi inaanza upya. Huu ndio mzunguko wa chakula cha mmea. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kinaweza kuwa na mikrobi wengi kuliko watu wote wa Congo.

Tuchukue mfano wa azoti, ile N iliyoandikwa kwenye mfuko wa NPK. Hewa tunayovuta ina azoti asilimia 78. Shamba lako linaogelea ndani ya azoti, lakini mahindi hayawezi kuila ikiwa katika hewa. Maharagwe, karanga na soya yanaweza, kwa sababu yanakaribisha mikrobi katika mizizi yao. Ng'oa mmea wa maharagwe polepole, utaona vinundu kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kama damu kidogo, mikrobi wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, kazi imelala.

Mmea na mikrobi hawakutani kwa bahati. Mzizi unatoa harufu fulani ndani ya udongo, mikrobi anaisikia na kuja. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba baadhi ya dawa za wadudu zinazuia mazungumzo hayo. Walijaribu mmea wa jamii ya maharagwe unaolishwa ng'ombe. Mahali palipokuwa na dawa, vinundu vilipungua na mmea ulidhoofika. Ni kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto wakati mashine ya kusaga inanguruma katikati. Mwenzake yuko, lakini hasikii.

Dawa za ukungu, zile tunazopulizia kwenye nyanya, nazo zina hatari yake. Hazijui kuchagua kati ya ukungu unaochoma majani na ukungu unaosaidia mizizi kutafuta fosforo. Zile zenye shaba zina tatizo lingine: shaba ni chuma, haiozi. Ukipulizia mwaka huu na mwaka ujao, inajilimbikiza udongoni, na nyungunyungu hawaipendi. Nyungunyungu wakikimbia, hakuna wa kutoboa udongo. Maji ya mvua yanapita juu badala ya kuingia chini. Yule mama alipolalamika kwamba udongo umekuwa mgumu, alikuwa anaeleza jambo hili bila kwenda shule ya agronomia.

2. WAWINDAJI WA SHAMBANI

Katika shamba, kila mmoja anamla mwingine. Mmea unaliwa na kiwavi. Kiwavi analiwa na nyigu, siafu, buibui, ndege. Huu ni mnyororo wa chakula. Kitu kimoja cha kukumbuka: mdudu mharibifu anazaa haraka na kwa wingi, lakini mwindaji wake anazaa polepole, na ni wachache. Ukipulizia dawa inayoua kila kitu, wote wawili wanakufa. Wa kwanza kurudi ni mharibifu, na safari hii anakuta hakuna wa kumfukuza. Tena, wale wachache waliovumilia dawa ndio wanaozaa. Watoto wao wanaivumilia pia. Ndiyo maana mara moja inakuwa mara tano.

Nchi yetu wenyewe iko na ushahidi mzuri. Mwanzo wa miaka ya 1970, wakati nchi ikiitwa Zaire, kiliingia kidudu cheupe chenye unga kutoka Amerika ya Kusini. Kinakunja majani ya juu ya muhogo, mmea unadumaa, na hata sombe haipatikani. Kilitapakaa karibu Afrika yote inayolima muhogo, na watu walipata njaa. Kwao kule Amerika ya Kusini kidudu hicho hakikuwa tatizo kubwa. Kwa nini? Watafiti walikwenda kutafuta, na mwaka 1981 walimpata adui yake Paraguay: nyigu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mtama. Anataga yai ndani ya kile kidudu, na mtoto wake anakila kutoka ndani. Taasisi ya IITA ya Nigeria ilimzalisha na kumwachilia katika nchi nyingi. Muhogo ukapona, na mkulima hakununua hata kopo moja la dawa. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Sasa fikirini: mtu anayepulizia dawa kali kwenye nyanya pembeni ya muhogo anaweza kumuua nyigu huyo, ambaye hajawahi hata kumwona.

Mfano wa pili unatoka mbali, Indonesia, ambako mpunga ni kila kitu. Serikali yao ilikuwa inasaidia kulipa bei ya dawa, na watu wakapulizia bila kuhesabu. Kijidudu cha kahawia kinachofyonza mpunga kikaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu buibui na wawindaji wengine walikufa. Mwaka 1986 Rais Suharto alikataza aina 57 za dawa kutumiwa katika mpunga. Baadaye, mwaka 1989, yakaanza mashamba-shule, ambapo wakulima waliingia shambani kila wiki kuhesabu wadudu wabaya na wazuri kabla ya kuamua. Wale kati yenu waliopita katika shamba-shule, mlikuwa mnafuata njia iliyoanzia kule.

3. KUTOKA MFEREJI MPAKA ZIWANI

Bonde letu ni mteremko. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, na inafika Tanganyika kwenye mita karibu 770. Mito ya milimani, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba, yote inaelekea chini. Mifereji yetu ya mpunga inachota humo na kurudisha humo. Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika pale Uvira, wote tuliona ni vitu gani maji yanaweza kubeba. Siku za kawaida yanabeba pia, isipokuwa hatuyaoni.

Niliwahi kuona jambo hili kwa macho. Kijana mmoja alimaliza kupulizia, akaosha pompi ndani ya mfereji. Hakuwa na ubaya wowote, pale ndipo maji yalipo. Kesho yake, katika mashamba ya mpunga ya chini, samaki wadogo walikuwa wanaelea, tumbo juu. Watoto wakaanza kuwaokota. Tulikimbia kuwazuia. Dawa nyingi tunazotumia sasa, kama saipametrini, zinavunjika kwa haraka kuliko dawa za zamani, lakini ndani ya maji zina sumu kali sana kwa samaki na kwa vidudu wanaowalisha samaki. Kiasi kidogo kinachobaki chini ya pompi kinatosha.

Ziwa lenyewe nalo liko na mzunguko wake. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho inakua juu ya maji. Vidudu vidogo vya majini vinaila. Ndagala wanakula vidudu hivyo. Mikeke wanakula ndagala. Sisi tunakula wote. Kinachokufa kinazama chini, mahali pasipo na hewa, na ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji na kurudisha juu sehemu ya chakula kilichozama. Ni kama jiko la udongo, ila hapa upepo ndio jembe.

Lakini Tanganyika ni chungu kirefu chenye mdomo mdogo. Maji yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie. Mengine yanapanda hewani kwa jua, na sumu isiyooza haiwezi kupanda pamoja nayo. Maji ya ziwa hili yanahitaji mamia ya miaka ili yabadilishwe. Kinachoingia ziwani leo, wajukuu wa wajukuu zetu wanaweza kukikuta.

Kuna dawa zinazopanda kupitia mnyororo wa chakula zikiongezeka kila hatua. Mfano unaojulikana duniani ni wa ziwa dogo huko California, Marekani, linaloitwa Clear Lake. Mwaka 1949, halafu 1954 na 1957, walitia dawa ya DDD, ndugu ya DDT, ili kuua vijidudu vinavyosumbua wavuvi. Walipima vizuri: mwanzoni haikufika hata sehemu moja ya dawa katika sehemu milioni 50 za maji. Walidhani ni salama. Kisha ndege wanaokula samaki wakaanza kufa. Walipopima mafuta ya ndege hao, walikuta dawa mara 80,000 kuliko ile ya majini. Dawa hizo haziyeyuki katika maji, zinashika mafuta. Kidudu anameza kidogo, samaki anakula vidudu elfu, ndege anakula samaki mia. Kila mmoja anaweka akiba ya sumu ya wale aliowala.

Je, hapa kwetu? DDT ilitumika sana duniani tangu miaka ya 1940, kwa mashamba na kwa mbu. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliikataza katika kilimo, na mwaka 2011 uliongeza endosulfani, dawa ya pamba. Hata hivyo, mwaka 2002, watafiti waliopima samaki wa upande wa Burundi, ziwa hilihili, walitangaza kwamba mabaki ya DDT bado yamo ndani ya miili yao. Samaki hawana karte ya uraia. Wanavuka mpaka kila usiku.

Nisieleweke vibaya. Sisemi muache kula ndagala. Ni chakula bora kwa watoto na kwa mama wajawazito, na ndiyo sababu tunapaswa kulinda mahali anapotoka. Wala sisemi kwamba ndagala wamepungua kwa sababu ya dawa peke yake: kuna nyavu za matundu madogo, kuna joto la maji linaloongezeka. Ila mvuvi hawezi kutusaidia juu ya dawa. Kwa jambo hili, ziwa liko mikononi mwa mkulima.

4. SASA TUFANYE NINI?

Mtu anaweza kuniuliza: "Agronomu, unataka tuache wadudu wale, na sisi tulale njaa?" Hapana. Dawa ni kama daktari wa kupasua. Tunamwita ikiwa njia nyingine zimeshindwa.

Kwanza, hesabu kabla ya kupulizia. Ingia katika mahindi kwa njia ya zigizaga, simama mahali 5, tazama mimea 20 kila mahali. Jumla ni mimea 100. Mahindi yakiwa madogo, ukikuta chini ya 20 yenye kiwavi au majani yaliyoliwa upya, usipulizie. Yakiwa makubwa, subiri mpaka 40. Yakishatoa maua ya juu, dawa haina faida tena.

Pili, saidia wawindaji. Panda mapema, wote kwa wakati mmoja. Changanya mahindi na maharagwe. Ponda viwavi na mayai kwa mkono, hasa wiki za kwanza. Watoto na wazee wanaweza kusaidia. Wengine wanatia majivu au mchanga laini ndani ya moyo wa mhindi. Kituo cha ICIPE cha Nairobi kinafundisha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya brakiaria pembeni. Matokeo yaliyotangazwa 2018, kutoka mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, yalionyesha viwavi-jeshi kupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Desmodiamu inaleta pia azoti udongoni, na yote mawili ni chakula cha ng'ombe na mbuzi.

Tatu, lisha jiko la udongo. Usichome mabaki ya mahindi na mpunga. Yarudishe shambani au yafanye mboji. Zungusha mazao, usipande nyanya juu ya nyanya.

Nne, ikibidi kupulizia, tafuta dawa yenye karatasi inayosomeka. Vichupa vidogo vya sokoni vilivyomiminwa upya bila maandishi, tuviache. Pulizia jioni, upepo ukiwa umetulia na nyuki wamerudi nyumbani. Usipulizie mvua ikiwa inakuja. Heshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Usirudie dawa ileile kila mara.

Tano, maji. Acha ukanda wa majani, angalau hatua 10, kati ya shamba na mfereji. Hapo usipulizie. Usioshe pompi mtoni, mferejini wala ziwani. Maji ya kuosha yapulizie tena ndani ya shamba lilelile. Kopo tupu lioshe mara tatu, ulitoboe, usiweke ndani yake mafuta ya mawese wala maji ya mtoto.

Sita, dawa ya miti nayo ni dawa. Tephrosia, ule mti ambao majani yake hupondwa kwa kulevya samaki, unaua wadudu vizuri, lakini jina la kulevya samaki linatosha kutuonya. Iweke mbali na maji, sawasawa na dawa ya dukani.

5. ZOEZI LA KIKUNDI

Chagueni mashamba mawili ya wanamemba: moja linalopuliziwa sana, moja lisilopuliziwa au linalopuliziwa kidogo. Katika kila moja, asubuhi baada ya mvua, chimbeni shimo lenye upana wa sentimeta 30 kila upande na kina cha 20. Wekeni udongo juu ya gunia, hesabuni nyungunyungu. Kisha ng'oeni mimea 5 ya maharagwe, pasueni vinundu, andikeni vingapi ni vyekundu. Mwisho, tazameni mimea 20, andikeni buibui, siafu, nyigu na vibibi-doa mliowaona. Leteni hesabu hizo katika mkutano mkuu, ziwekwe pembeni ya orodha ya manunuzi.

Maswali ya kuzungumza:

1. Katika misimu mitatu iliyopita, tumeongeza dawa au tumepunguza? Mavuno yamefuata njia gani?
2. Makuta ya dawa ya mwaka jana yangenunua magunia mangapi ya mbegu?
3. Maji ya mfereji wetu yanakwenda kwa nani, na nani anayanywa?
4. Ni mahali gani koperative inaweza kuweka pipa la kuoshea pompi, mbali na maji?

Yule mama niliyemtaja mwanzo bado analima. Siku hizi anahesabu kabla ya kununua. Msimu uliopita alipulizia mara moja tu, pembe moja ya shamba, na pompi aliiosha juu ya mahindi. Nilipompitia alinionyesha kinundu chekundu juu ya ukucha wake, akacheka: "Agronomu, tazama. Wafanyakazi wamerudi."

Tuandae orodha zetu tukimkumbuka. Kazi njema ya msimu A.